Mama Mkwe Juu ya Twiga

Mimi ni mfupi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akanikatiza huko mbele kuniuliza kwa nini nilikuwa natembea na kigoda. Ukoo wetu mzima ni wafupi. Babu yangu alitoka magharibi mwa nchi akaja Voi kufanya kazi ya reli akiwa mfupi, akamzaa baba akiwa mfupi, na jua la huku halikuturefusha hata kidogo. Mke wangu ananipita kichwa kizima, na hilo halijawahi kutuletea ugomvi. Ugomvi uliletwa na pikipiki.

Kazi yangu ni kutengeneza pampu za maji. Visima vya ranchi za Ndara, vya shule, vya makanisa, vyote nimevizoea na tabia zao. Pampu ikigoma, ng'ombe wanapiga kelele huko na simu yangu inapiga kelele huku. Miaka mingi nilitumia pikipiki ndogo kama hizi za bodaboda, na kila mvua iliponyesha ilinitupa matopeni mbele za watu. Halafu siku moja nikasikia kuna mzungu mwenye ndevu aliyekuwa akizunguka Afrika kwa pikipiki, amefika Voi, amechoka. Hakuugua, hakuibiwa. Amechoka tu, anataka kurudi kwao kwa ndege, na pikipiki anaiuza.

Nilipoiona, nilisahau kilichonileta mjini. Haikuwa dubwana kama zile za polisi wa msafara, wala haikuwa kijipikipiki cha kubebea mkate. Ilikuwa ya katikati, imeundwa kwa ajili ya njia mbovu. Tairi zilikuwa na meno ya kung'ata udongo. Springi zake ndefu, bati nene chini ya injini la kuzuia mawe, keria nyuma, masanduku mawili ubavuni. Na kiti, jamani! Kiti kilinifika kifuani. Mzungu aliniangalia mimi, akaangalia kiti, akaniangalia tena. Alikuwa mtu wa adabu, hakusema kitu. Niliondoka nayo siku hiyo hiyo.

Tunaishi Marungu, mke wangu anafundisha shule ya msingi huko. Alitoka nje, akaizunguka pikipiki polepole jinsi anavyozunguka dawati la mtoto aliyeficha kitu.

"Pikipiki umenunua," akasema. "Sasa miguu ya kuiendeshea utanunua wapi?"

Wanafunzi wake wakaiita Twiga, na jina likashika. Vijana wa bodaboda pale stendi ya Voi wakanipokea kwa shangwe. "Buda, ukifika huko juu tusalimie malaika!" Mimi nikawapuuza, nikaenda Mwatate kwa seremala nikatengenezewa kigoda kidogo cha miguu mitatu, nikakifunga kamba. Naweka kigoda chini, napanda kigoda, nakaa kwenye kiti, halafu navuta kamba, kigoda kinapanda kinanifuata. Kushuka ni hivyo hivyo, kinyumenyume. Watu walikuwa wanaacha kazi zao kutazama.

Ukweli ni kwamba Twiga akitembea, mimi ni mfalme. Mashimo anameza, mchanga anapasua, mawe anayaruka. Tatizo ni kusimama. Akisimama, mguu wangu unatafuta ardhi hauioni, na tunaanza kulala taratibu upande mmoja mpaka chini. Kwa hiyo nikajifunza kusimama penye kitu cha kukanyagia tu: jiwe, ukingo wa kalvati, kichuguu, ngazi za kanisa. Ukiniomba nisimame mahali pasipo na kitu, samahani, hata ukiwa askari wa trafiki nitakupungia mkono niende zangu. Nimewahi kupungia mmoja. Alicheka mpaka akaketi.

Basi mke wangu akawa mjamzito.

Hapa niache mzaha kidogo. Ilikuwa mimba ya pili. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza siku ile ile aliyozaliwa, na mama ya mke wangu alikuwa bado njiani, ndani ya basi, anakuja. Alipofika alikuta kila kitu kimekwisha. Mke wangu hakuwa analia, alikuwa amekaa tu anauliza, "Mama amefika?" hata baada ya mama kufika. Kwa hiyo safari hii alinishika kola akaniambia neno moja. Hataki nguo, hataki hospitali ya mbali, nesi wa zahanati yetu anamwamini. "Nataka mama awe mlangoni kabla sijaanza. Umenisikia? Kabla." Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia hasa, usingizi ulinipotea kwa ajili ya neno hilo.

Mama mkwe akapanga kuja mapema. Basi mpaka Nairobi, kisha treni mpaka Voi, halafu mimi nimpeleke Marungu kwa gari la kukodi. Mpango mzuri kabisa, ila usiku wa kuamkia siku yake mvua ilifungua mifereji yote ya mbinguni. Asubuhi nilipotoka nyumbani nilivuka lile korongo letu kwa Twiga, maji yakiwa magotini. Ni korongo kavu mwaka mzima, watoto wanachezea mpira ndani yake. Mwenye gari la kukodi alikuja kwanza kukagua njia, akanikuta hapo ng'ambo, akatazama maji, akageuza gari bila hata kuzima injini. Nikamfuata mpaka Voi nikimbembeleza dirishani, akafunga kioo.

Sasa sharti nieleze habari ya mama mkwe, maana asiyejua mila zetu ataona tulikuwa wendawazimu. Kwetu magharibi mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni. Hata kitu hampeani mkono kwa mkono. Unakiweka chini, unarudi nyuma, mwenzako anakuja kukichukua. Siyo chuki, ni heshima, na ipo siku ya kuilegeza kwa sherehe yake, lakini sisi hatukuwa tumeifikia. Wakwe wengine siku hizi wanakumbatiana kama wachezaji mpira. Huyu wangu, wapi! Huyu ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa na bado anashika mila mpaka kucha. Tangu harusi alikuwa hajawahi kuniambia neno lolote moja kwa moja. Akitaka kuniambia kitu anamwambia mtu wa tatu: "Mwambie huyo ale." Nami namjibu mtu huyo huyo: "Mwambie mama nimeshiba."

Nilimkuta nje ya stesheni amesimama wima, mrefu kuliko mlango wa choo cha stesheni, mkoba mmoja begani na kapu mkononi. Ndani ya kapu kulikuwa na kuku, kichwa nje, anaikagua Voi. Huyo ni kuku wa supu ya mzazi, hakosi. Nilisimama mbali, nikatazama pembeni kama inavyotakiwa, nikamsalimia kupitia kwa mtu aliyekuwa anauza maji hapo. "Mwambie mama shikamoo, na karibu sana." Mwuza maji alishangaa lakini akasema. Mama mkwe naye akamwambia mwuza maji, "Mwambie asante. Muulize gari liko wapi."

Nikaenda kwa vijana wa bodaboda mbio. Nilidhani nitapata mmoja ambebe mama, mimi niwe nyuma na kapu. Niliwaambia njia ya Marungu.

"Zii, buda, kule siendi," mmoja akasema. "Leo asubuhi nimeacha kiatu huko, na mguu karibu ubaki."

"Si uko na hiyo ndege yako?" mwingine akadakia. "Beba mathe!"

"Ni mama mkwe," nikasema.

Mmoja wao kwao ni Vihiga, huko huko magharibi. Alivua kofia.

Nikampigia baba simu. Baba ni mstaafu wa reli, anakaa hapa hapa Voi, na kwa mambo ya mila yeye ndiye mahakama ya rufaa. Nikamweleza. Nikamsikia anapunguza sauti ya redio yake.

"Mkalie mbali," akasema.

"Baba, ni kiti kimoja."

"Basi weka kitu katikati. Kitu cha heshima."

"Kama nini?"

"Ana nini mkononi?"

"Kuku."

"Mungu amekwisha kukujibu, unanipigia mimi simu ya nini? Weka kuku. Na usigeuke nyuma kumtazama."

"Na vioo vya pembeni, baba? Ndani ya vioo nitamwona."

"Vifunike," akasema, akakata.

Nikavua soksi zangu nikavivalisha vioo. Nikaweka helmeti ya pili chini, nikarudi nyuma. Mama mkwe akaja, akaiokota, akaipachika juu ya kilemba chake bila kukivua, ikakaa huko juu. Nikamweleza mwuza maji utaratibu wote, naye, Mungu ambariki, akauwasilisha kwa mama kama anayesoma taarifa ya habari. Mama aliitazama Twiga tairi mpaka kioo. Kisha akasema neno lililonitoa jasho: "Mwambie mwanangu ananingoja. Tuondoke."

Mimi nilipanda kwa kigoda, nimeegemea ukingo wa lami. Yeye hakuhitaji kigoda. Aliinua mguu tu, akakaa. Nikahisi kapu limewekwa mgongoni mwangu, na papo hapo kuku akanidonoa kwenye shingo. Kwa kuwa mama hangeweza kunishika, alitoa mkobani leso, kanga yake ya kujifunga, akaipitisha mbele ya tumbo langu kwa mbali bila kunigusa, akashika ncha zake mbili kule nyuma. Wale vijana wa bodaboda walikuwa wametufuata kuona mambo. "Mathe ameshika hatamu!" mmoja akapiga kelele. Nikaondoka haraka iwezekanavyo.

Ile leso, ndugu zangu. Nilidhani ni ya kushikilia tu. Kumbe mama alikuwa amekulia nyuma ya ng'ombe wa kulimia. Nikienda kasi anavuta, tumbo linaingia ndani, pumzi inakata. Nikisogea kulia anavuta kushoto. Na pale kwenye barabara kuu ya Mombasa, penye malori, sikuwa na vioo. Basi nikasikia sauti nyuma, tulivu kabisa:

"Kuku, mwambie huyo kuna lori nyuma."

Mtu wa tatu alikuwa hayupo. Alikuwepo kuku.

"Kuku," nikajibu, "mwambie mama nimesikia, nasogea."

"Kuku, mwambie hajasogea vya kutosha."

Lori likatupita likitupigia honi, upepo wake ukatuyumbisha, kuku akaruka ndani ya kapu akanidonoa tena. Kila ujumbe uliopita hapo katikati, mjumbe alinitoza shingo.

Tulipoacha lami na kushika njia ya udongo mwekundu, Twiga alifurahi. Matope yalikuwa yakitandazika pembeni kama uji, tairi zikishika, springi zikinywa mashimo, na hata leso ikalegea kidogo. "Kuku," mama akasema, "muulize, hiki kitu alikinunua wapi?" Nikasema kwa mzungu aliyechoka. "Kuku, mwambie siyo kibaya." Nakuambia, nilitabasamu ndani ya helmeti mpaka mashavu yakauma. Mke wangu alikuwa hajawahi kuisifu hata mara moja.

Mbele kidogo tembo walikuwa wanavuka njia, familia nzima, hawana haraka, mmoja amesimama katikati anakula mti. Kwa kawaida unasimama mbali unangoja. Nikatazama kushoto, hakuna jiwe. Kulia, hakuna kichuguu. Ardhi tambarare kabisa. Nikifunga breki tunalala. Nikafanya jambo la pekee lililobaki: nikaanza kuzunguka. Palikuwa na uwazi pembeni ya njia, nikawa nazunguka mduara, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, tembo wanatutazama.

"Kuku," mama akasema katika mzunguko uliofuata, "muulize tunazunguka nini."

"Kuku, mwambie mama tembo hawajamaliza."

"Kuku, muulize kwa nini asisimame kama watu."

"Kuku, mwambie mama nikisimama tunaanguka. Miguu haifiki."

Nikahisi leso inatetemeka. Nilifikiri analia kwa hofu. Kumbe anacheka, anacheka na kujizuia, maana kucheka na mkwe nako kuna mipaka. Tembo mkubwa alichoka kututazama akaondoka na watu wake.

Karibu na korongo kuna kichuguu changu cha siku zote. Nikakanyaga hapo kuyatazama maji, na simu ikalia. Alikuwa mwalimu anayefundisha pamoja na mke wangu. "Ameanza," akasema. "Tumemleta zahanati. Anaendelea vizuri, nesi yupo. Lakini anauliza mama. Kila mara anauliza, mama amefika?"

Yale yale maneno. Sikuhitaji kumwambia kuku chochote, sauti ya mwalimu ilikuwa kubwa na mama alikuwa amesikia. Leso ikakazwa ghafla, safari hii siyo kurudi nyuma, ni kusukuma, kama leso inaweza kusukuma. Maji yalikuwa yamepungua kuliko asubuhi, lakini ya hudhurungi, yanakimbia. Nikasema, Mungu wangu, nikaingia.

Tulikwenda vizuri. Nasema kweli, tulikwenda vizuri sana mpaka karibu tumalize. Upande wa pili, pale maji yanapokuwa kina cha kifundo cha mguu, kuna mchanga laini ulioletwa na mafuriko. Tairi la mbele likazama, Twiga akasimama. Na nimekwisha kueleza yanayofuata akisimama. Niliuona mguu wangu wa kushoto ukitafuta dunia. Hakukuwa na dunia. Tukalala wote, polepole, kwa heshima zote, puu! ndani ya matope.

Nilipotoa uso nje, kigoda kilikuwa kinaelea kinaondoka, kamba imekatika, kinaelekea Bahari ya Hindi bila kuaga. Kapu lilikuwa limefunguka. Kuku alikuwa juu ya mgunga ng'ambo, amekasirika, anapiga kelele. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye matope, helmeti juu ya kilemba, kilemba juu ya jicho moja. Nikataka kukimbia kumwinua, nikakumbuka, nikabaki mikono hewani. Akainuka mwenyewe. Akatazama pembeni.

Pikipiki ya namna hii ikilala, siyo mtu mmoja wa kuiinua, labda awe mtu wa kimo. Nikashika usukani nikavuta. Ikanitazama. Nikageuka, nikaweka mgongo kwenye kiti, nikasukuma kwa miguu. Miguu yangu ikazama, pikipiki haikutikisika. Nikavuta tena mpaka nikaona nyota mchana. Kisha nikaanza kulia. Sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, natukana springi, natukana mzungu na ndevu zake, natukana mvua. Ng'ambo ya kilima cha mbele yetu kulikuwa na zahanati, na ndani yake mke wangu alikuwa anauliza swali lile lile, na mimi nimekwama kwa ajili ya miguu mifupi.

Mama mkwe akainua uso kwenye mgunga. "Kuku," akaita, "muulize, hicho kitu kinainuliwa vipi?"

"Kuku," nikasema huku nafuta makamasi, "mwambie mama kinainuliwa na watu wawili. Wanakipa mgongo, bega kwa bega, wanasukuma pamoja."

Kuku akanyamaza. Mama akavua helmeti, akafunga kilemba upya, akakikaza. Akaja mpaka mbele yangu. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, alinitazama machoni.

"Kuku yuko mtini," akasema. "Nakuambia wewe mwenyewe. Sogea."

Akageuka akaweka mgongo wake kando ya wangu. Bega lake lilinifika sikioni. "Haya," akasema, "sukuma, baba, sukuma! Wewe mwanamume gani, sukuma!" Nikasukuma. Nikasikia mifupa yangu yote na ya kwake, na Twiga akanung'unika, akatoka matopeni, akasimama. Akaishika wima kwa mkono mmoja, huyo mama. "Panda," akasema. Kigoda kilikuwa kimeshafika mbali. Akashika mguu wangu kwa mikono yake miwili, akanirusha juu kama gunia la mahindi. Akakaa nyuma yangu, na vidole vya miguu yake vikagusa ardhi pande zote mbili. Nikakumbuka mke wangu aliniuliza nitanunua wapi miguu.

Injini ilikohoa ikawaka. Nikangojea leso. Badala yake mikono miwili ikanizunguka tumboni, ya matope, yenye nguvu, ikashikana mbele. "Kimbia," akaniambia sikioni. Nikakimbia. Sijawahi kuendesha vile kabla wala baadaye. Tulipita mbuzi, tulipita shule, wanafunzi wakapiga kelele "Twiga! Twiga!", na kila nilipolazimika kupunguza mwendo mama alishusha miguu yake akatusimamisha wima, akaipandisha tena bila kuambiwa.

Zahanati ina veranda yenye nguzo za miti. Niliishika nguzo ya kwanza kwa mkono, nikasimama. Mama alikuwa ameshashuka kabla tairi halijatulia, amesahau mkoba, anaingia mlangoni na matope yake yote huku nesi akimfokea anawe mikono. Halafu nikasikia sauti ya mke wangu kutoka ndani. Haikuwa kilio. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeweka mzigo chini.

"Mama umefika."

"Nimefika, mwanangu. Nimefika."

Mimi nikabaki juu ya Twiga. Usicheke. Stendi ya pikipiki, ule mguu wake wa chuma wa kuegemea, ilikuwa imepinda tulipoanguka, kigoda hakipo, na nikiachia nguzo tunalala. Mwalimu yule alitoka akaniuliza kwa nini siteremki, nikamwambia nasali. Haukuwa uongo. Nilikumbatia ile nguzo nikasali kwa Kiswahili na kwa lugha ya babu ambayo siijui vizuri, nikamwahidi Mungu mambo mengi, mengine hata sina uwezo nayo. Nilichokuwa naogopa ni kimya. Siku ile ya mtoto wa kwanza kulikuwa na kimya.

Jua liligeuka, kivuli cha nguzo kikahama kutoka goti langu moja hadi jingine, mkono ukafa ganzi. Ndipo nikasikia mtoto akilia. Sauti kubwa, ya hasira, ya mtu anayelalamikia huduma. Akalia, akalia, akaendelea kulia, na mimi nikalia naye huko nje.

Mama mkwe alitokea mlangoni. Alikuwa amenawa uso na mikono, matope mengine bado yamekauka kwenye nguo yake, na mikononi alikuwa amebeba kitu kilichofungwa shuka la zahanati. Nilimtazama. Naye, papo hapo, akageuza uso pembeni. Alisimama mbali, wima, mila zote zimerudi mahali pake. Niliangalia mgunga wa karibu, nikaangalia chini ya benchi. Kuku hayupo. Nikajiuliza sasa ataongea kupitia nani.

Akainamia lile shuka.

"Mjukuu," akasema, "mwambie baba yako mama yako ni mzima. Mwambie wewe ni msichana." Hapo akaifunua pembe ya shuka miguuni mwa mtoto. "Mwambie miguu yako ni mirefu."

Kisha akamlaza mtoto kwenye benchi la veranda, taratibu, juu ya shuka, kama nilivyomwekea helmeti stesheni, akarudi nyuma mpaka ukutani ili nije nimchukue.

Nikaachia nguzo. Twiga alianguka upande wake, nikasikia kioo kikivunjika ndani ya soksi yangu, wala sikugeuka kutazama.